Kutia Nakshi Kwenye Ngozi: Mwongozo kwa Anayeanza Unguja na Pemba

Mtu anayetaka kufanya kazi ya ngozi kwa kujifurahisha nyumbani mara nyingi huanza kwa kuuliza anunue vifaa gani. Swali hilo litajibiwa hapa, ila si mwanzoni, kwa sababu vifaa vizuri juu ya ngozi isiyofaa havizai kitu, na ngozi nzuri iliyoloweshwa kupita kiasi haishiki nakshi hata ikipigwa kwa mhuri wa bei kubwa. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kuyatawala maji: maji yaliyomo ndani ya ngozi unapoichonga, maji yanayotakiwa yatoke kabla hujaitia rangi, na unyevu wa hewa ya visiwani ambao utaiandama kazi yako maisha yake yote. Vitabu na video nyingi za kazi hii hutoka katika nchi zenye hewa kavu, na muda wa kusubiri unaotajwa humo haufai kuchukuliwa kama ulivyo na mtu anayekaa Chake Chake au Mkunazini wakati wa masika.

Ngozi ipi

Njia kuu za kusindika ngozi ni mbili. Ya kwanza hutumia tanini, yaani ile dawa yenye ukakasi iliyomo katika magome ya miti, na ya pili hutumia chumvi za madini ya kromu. Katika mwambao wetu magome ya mikoko, hasa mkandaa, yamejulikana tangu zamani kwa kazi hiyo, na huko Njombe kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 hutengeneza tanini kutokana na magome ya miwati. (Hili si shauri la kwenda kubandua magome ya mikoko, misitu hiyo inalindwa kisheria, na kusindika ngozi nyumbani ni kazi ya harufu na ya majuma mengi ambayo majirani hawatakushukuru kwayo.) Ngozi ya magome hunywa maji, hulainika, hupokea alama na kubaki nayo ikikauka. Ngozi ya kromu ni laini, huvumilia maji na hufaa sana kwa mikoba na viatu, lakini ukiipiga mhuri alama hurudi juu na kupotea. Kwa nakshi, basi, ni ya magome peke yake.

Dukani si kila muuzaji anajua ngozi yake ilisindikwa vipi, kwa hiyo ijaribu mwenyewe. Tazama kwanza ukingo uliokatwa: ngozi ya kromu ambayo haikutiwa rangi hadi ndani huonyesha katikati yake rangi ya kijivu au ya buluu, ilhali ya magome huwa ya maziwa au ya hudhurungi isiyoiva. Kisha omba ruhusa ya kudondosha tone moja la maji upande wa juu. Kwenye ngozi ya magome isiyopakwa kitu tone huzama baada ya muda mfupi na kuacha doa la giza ambalo hufifia likikauka, na kwenye ya kromu mara nyingi hukaa juu au huenea bila kuibadilisha ngozi sana. Mwisho kandamiza pale palipolowa kwa ukucha. Alama ikibaki, umepata unachokitafuta.

Kuna aina ya tatu ambayo humdanganya anayeanza, nayo ni ngozi iliyokaushwa tu bila kusindikwa, kama ile inayowambwa kwenye ngoma. Ni ngumu, ina mng'ao kama wa pembe, na bei yake huvutia. Ikilowa huwa telezi na kuanza kunuka, na ikikauka hujikunja kwa nguvu. Iache kwa wapiga ngoma.

Kwa msomaji Mwislamu lipo pia suala la mnyama mwenyewe. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi hapa Zanzibar, kusindika huitoharisha ngozi ya mnyama isipokuwa ya mbwa na ya nguruwe. Vipande vya ngozi kutoka ng'ambo, hasa vile vyembamba vya kutandikia ndani ya pochi, wakati mwingine ni vya nguruwe, na alama yake huonekana kwa macho: vitundu vya nywele vimekaa vitatu vitatu, vikifanya pembetatu ndogondogo zilizotawanyika juu ya ngozi yote. Ngozi ya ng'ombe ina vitundu vidogo vilivyosambaa sawasawa, na ya mbuzi ina vitundu vilivyojipanga mistari mistari.

Ngozi huuzwa kwa futi ya mraba, ambayo ni karibu na kipande cha sentimita 30 kwa 30, na unene wake hupimwa kwa milimita. Vikalio vya vikombe vya kahawa na ala ya kisu hutaka milimita 3 hivi, mkanda wa kiunoni milimita 3 hadi 4, na pochi ya kadi milimita 1 hadi 1.5. Nakshi ya kuchongwa haikai vizuri kwenye ngozi iliyo chini ya milimita 2, kwa sababu kisu hakina pa kuzama wala mhuri hauna pa kusukuma. Chagua kipande kilichotoka mgongoni au begani. Cha tumboni huwa cha bei rahisi, lakini hunyumbuka, na mkanda uliokatwa humo utarefuka kila mwezi hadi uongeze tundu.

Njia nafuu ya kuanza ni kumwendea fundi wa makubadhi au wa viatu na kumwomba akuuzie mabaki. Fundi huyo pia anajua ngozi ipi imeingia kutoka Dar es Salaam na ipi haifai, na kukaa karibu na meza yake asubuhi moja kutakufundisha namna ya kushika msharasi, ile sindano nene yenye mpini ya kutobolea ngozi, kuliko maelezo yoyote ya maandishi. Anayetaka kwenda mbali zaidi ya burudani ajue kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina kampasi Mwanza inayofundisha teknolojia ya ngozi.

Vifaa, na vile visivyohitajika

Seti za vifaa 30 au 40 ndani ya mkoba mmoja, zinazouzwa kwa bei ya chini, zina kasoro moja ya kawaida: kila kifaa kimo, na karibu hakuna chenye makali. Afadhali vifaa vichache vinavyokata. Kwa mwanzo unahitaji kisu chenye wembe wa kubadilisha, rula ya chuma, bikari ya kuchorea mstari unaofuatana na ukingo, msharasi, sindano mbili zenye ncha butu, patasi ya meno ya kutobolea njia ya mshono, kisu cha nakshi, mihuri minne au mitano, nyundo ya mti, na jiwe la kupigia.

Jiwe linastahili neno zaidi kwa kuwa watu hulidharau. Mhuri ukipigwa juu ya meza ya mbao, meza humeza sehemu ya pigo na alama hutoka hafifu. Linalotakiwa ni kipande kizito, bapa, kisichocheza: bamba la marumaru au la graniti lenye unene wa sentimita 3, ambalo mafundi wa meza za jikoni na wa makaburi huwa na mabaki yake. Kigae cha sakafuni hakifai, maana hupasuka. Chini ya jiwe tandika kipande cha mpira au mkeka uliokunjwa, ili wa chumba cha chini wapumzike. Kwa kutobolea usitumie jiwe hilohilo, kwa kuwa ncha ya patasi itavunjika. Weka ubao wa plastiki wa kukatia mboga.

Nyundo ya chuma isikaribie mihuri. Huiponda vichwa na kuipindisha. Seremala yeyote atakuchongea nyundo ya mkwaju, mti mgumu usiopasuka upesi, nayo itakutosha kwa miaka. Umwombe na kijiti kigumu chenye mifereji ya upana mbalimbali, cha kusugulia kingo.

Kisu cha nakshi hakifanani na kisu cha kawaida. Juu kina kikalio kidogo ambamo kidole cha shahada hulala na kukandamiza, katikati kina mpini mfupi wa mviringo unaozungushwa kwa dole gumba na kidole cha kati, na chini kina wembe mpana wenye makali ya mshazari. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho nashauri usifanye ubahili nacho. Kiwe na uzito kidogo mkononi, kizunguke bila kukwama, na wembe wake uweze kutolewa na kunolewa.

Mihuri, kinyume chake, inaweza kuanza na misumari. Chukua misumari mikubwa ya inchi 5 au 6, kata ncha, lainisha kichwa kwa tupa, kisha chonga mistari, nukta au umbo la mbegu, na ukamilishe kwa msasa laini hadi uso ung'ae. Mhuri unaohitaji kununuliwa kwa hakika ni ule wa mteremko, yaani ule ambao upande mmoja wa uso wake umeinama, kwa sababu ni vigumu kuupata mteremko huo sawasawa kwa tupa.

Makali ndiyo yanayotenganisha kazi safi na kazi ya kuparura. Noa kwenye kinoo laini chenye maji au mafuta, ukiishika pembe ileile tangu mwanzo hadi mwisho, kisha malizia kwa kuvuta wembe, si kuusukuma, juu ya ukanda wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia vyuma. Ukanda huo uwe mezani muda wote, na kila baada ya dakika chache za kuchonga uupitishie wembe tena. Kisu kikianza kuivuta ngozi badala ya kuiteleza, hakihitaji nguvu zaidi; kinahitaji ukanda.

Chumvi ya hewa yetu hula chuma usiku na mchana. Futa kila kifaa kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani kabla ya kukiweka, na usikihifadhi ndani ya mfuko wa ngozi, kwa kuwa ngozi huvuta unyevu na kukitia kutu. Kutu hiyo ina madhara mengine yanayoelezwa hapa chini.

Kuilowesha

Kata kipande chako kikubwa kidogo kuliko kinachotakiwa. Upande wa nyama, yaani ule wa nyuma usio laini, bandika utepe mpana wa kufungia maboksi, ili ngozi isitanuke kwa mapigo. Kisha chovya sifongo katika maji safi, ikamue, na uipitishe juu ya ngozi yote, si pale tu utakapochonga, kwa sababu maji yakiishia katikati huacha mstari wa doa ambao rangi haitauficha. Rudia hadi ngozi iwe ya giza sawasawa na iache kunywa upesi.

Bakuli liwe la plastiki au la kioo. Tanini ikikutana na chuma penye maji hufanya weusi wa buluu, ule ule wa wino wa kale, na doa hilo haliondoki kwa urahisi. Chembe moja ya kutu kutoka kwenye bomba, au mkasi ulioachwa juu ya ngozi yenye maji wakati unakwenda kuitika adhana, vinatosha. Ukiwa na maji ya mvua, yatumie. Maji ya visima vyetu vingi yana chokaa, na mengine ya karibu na pwani yana chumvi inayobaki juu ya ngozi kama vumbi jeupe.

Hapo usianze kuchonga. Ifunge ngozi ndani ya mfuko wa plastiki na uiache usiku kucha mahali pa baridi, ili maji yaliyo juu yashuke ndani na unyevu uwe mmoja katika unene wote. Asubuhi ifungue na uitazame. Itakuwa bado ya giza. Iache wazi mpaka rangi yake ya asili ianze kurudi juu huku bado ukiigusisha shavuni unahisi ubaridi. Wakati huo ndio wa kufanya kazi. Ikiwa mapema mno, mhuri huzama kama kwenye unga uliokandwa na alama hujifunga baadaye. Ikiwa kavu mno, kisu hukwama na mhuri haubadilishi rangi ya ngozi. Alama iliyopigwa wakati muafaka huungua yenyewe, yaani hutoka ya hudhurungi iliyokolea kuliko ngozi inayoizunguka, na rangi hiyo ndiyo uthibitisho wako.

Wakati wa kaskazi, penye upepo mkavu, wakati huo muafaka hupita haraka, nawe utalazimika kupangusa tena kwa sifongo kila baada ya muda. Wakati wa masika ngozi huweza kukaa tayari kwa saa nyingi, ambalo ni jambo zuri, lakini usiiache ndani ya plastiki zaidi ya siku mbili, kwa maana kuvu huanza.

Kuchora na kukata

Hatuna sababu ya kuazima michoro ya maua ya mbali wakati milango ya Mji Mkongwe imejaa waridi, mitende, samaki na minyororo iliyopangwa na watu waliojua kujaza nafasi. Nakshi ya mfaa, ule mti wa wima ulio katikati ya mlango, ni ukanda mwembamba wa umbo linalojirudia, na kwa hiyo inakaa juu ya mkanda wa kiunoni karibu bila kubadilishwa. Piga picha ukiwa mbele yake sawasawa, si kwa pembeni, ichapishe kwa kipimo unachotaka, kisha ipunguze: mistari miwili iliyoachana kwa chini ya milimita 2 itaungana ikipigwa mhuri, hivyo ichague mmoja uubakishe. Mchongaji wa mti anaweza kushuka chini sentimita nzima. Wewe una milimita moja, na kina chote kitatokana na kivuli.

Nakili mchoro juu ya karatasi ya plastiki inayoonyesha, iweke juu ya ngozi yenye unyevu, ishikize kwa utepe nje ya eneo la kazi, na ufuate mistari kwa kalamu ya wino iliyokwisha wino. Usikandamize sana, inatakiwa alama tu. Inua pembe moja na uhakikishe kila mstari umeshuka kabla ya kuondoa plastiki, kwani kuirudisha mahali palepale ni shida.

Sasa kisu. Kishike wima bila kukiegemeza kushoto wala kulia, makali yaelekee mbali nawe na kisu kivutwe kuja kwako, kidole cha shahada kikikandamiza na vidole vingine viwili vikigeuza tu. Mkono wote husogea. Kifundo cha mkono hakifanyi kazi peke yake. Kata hadi theluthi moja ya unene, hata nusu kwa ngozi nene. Anza na mistari ya mbele, yaani ya majani na maua yaliyo juu ya mengine, na mistari ya nyuma iishie kidogo kabla ya kuyagusa. Mistari isikatane kamwe, maana penye makutano ngozi huinuka na kuacha pengo. Kwenye kona simama, inua, geuza ngozi, uanze upya. Fanya mistari mirefu kwa pumzi moja. Ukisitasita, kila kituo kitaonekana baada ya rangi.

Kabla ya kugusa kazi yenyewe, jaza kipande cha mabaki kwa mistari ya mkunjo na duara hadi uchoke. Kazi ya kisu haina njia ya mkato.

Kupiga mihuri

Mhuri wa mteremko huwekwa ndani ya mkato, upande wake mrefu ukiwa umegusa mstari na mteremko ukielekea nje ya umbo, yaani kwenye sehemu inayotakiwa ishuke. Piga mapigo mepesi ya haraka huku ukiusogeza mhuri kidogo kidogo, usiunyanyue kabisa, ili alama moja imezwe na inayofuata na uso uwe laini bila ngazi. Mkono unaoshika mhuri hukaa juu ya ngozi kwa kidole kidogo, na mhuri huelea kiasi cha unywele juu ya mstari kati ya pigo na pigo. Makosa ya kawaida ni kupiga kwa nguvu na mara chache. Anayepiga polepole na mara nyingi hupata mteremko unaofanana na mti uliochongwa.

Mteremko ukishamalizika, sehemu ya nyuma ya mchoro hushushwa chini kwa mhuri wenye meno madogo au nukta, ukianzia kwenye pembe zenye nafasi finyu kisha ukitoka nje. Hakikisha nukta hazijipangi mistari. Baada ya hapo hutiwa vivuli ndani ya majani kwa mhuri laini wa umbo la tone, ukipiga kwa nguvu karibu na shina na kulegeza kadiri unavyokwenda nje. Mwisho kabisa ni mikato ya mapambo kwa kisu, isiyofuatwa na mhuri: mishipa ya majani, mkunjo wa ua. Mikato hii ndiyo inayosema kazi ni ya nani, na ichache ina nguvu kuliko iliyojazana.

Kukausha, kisha rangi

Ondoa utepe wa nyuma ukiuvuta taratibu, ulaze ngozi juu ya kitambaa penye kivuli na upepo, na uiache. Usiianike juani wala usiipulizie hewa ya moto, kwa kuwa uso hukauka na kukaza wakati ndani bado kuna maji, na baadaye hupasuka ukikunjwa. Siku moja hutosha katika miezi ya kiangazi. Wakati wa mvua subiri siku mbili au zaidi. Kipimo ni shavu lilelile: ikiwa bado ina ubaridi, haijakauka. Rangi ikipakwa juu ya ngozi yenye maji hushika kwa mabaka, na mafuta hufungia unyevu ndani ambako kuvu hustawi.

Rangi za ngozi za spiriti huingia ndani zaidi na hukauka upesi. Za maji ni rahisi kuzimudu na hazina harufu kali. Zijaribu zote mbili juu ya mabaki ya ngozi hiyohiyo, kwa sababu kila ngozi hunywa kwa namna yake. Paka kwa kitambaa au sifongo ndogo, kwa mizunguko, matabaka mawili au matatu mepesi badala ya moja zito. Baada ya kukauka sugua kwa kitambaa kikavu, tena na tena, mpaka kitambaa kitoke safi. Hatua hii hurukwa na wengi, na anayelipa ni mwenye kanzu nyeupe atakayefunga mkanda huo siku ya Idi.

Kwa weusi kuna njia ya jikoni inayotumia ile tabia ya tanini na chuma iliyokwisha kutajwa. Tia misumari ya chuma cha kawaida, isiyo na mafuta, ndani ya siki nyeupe na uiache juma moja au mawili. Chombo kisifungwe kwa kukaza, kwa sababu mchanganyiko hutoa gesi. Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara kadhaa, kisha paka juu ya ngozi ya magome: huanza kijivu na kuwa nyeusi ndani ya dakika chache, weusi ulioingia ngozini na ambao hauhamii kwenye nguo. Acha ifanye kazi kwa nusu saa, ioshe kwa maji yaliyotiwa kijiko kimoja cha soda ya kuokea ili kuondoa uchachu, suuza, kausha upya. Kwenye ngozi ya kromu haitafanya lolote la maana.

Ukitaka nakshi isimame zaidi, paka kwanza tabaka la akriliki ya kuzuia rangi juu ya kazi yote, iache ikauke, kisha sugua dawa ya viatu ya rangi ya giza na uifute mara moja kwa kitambaa kilichokunjwa bapa. Giza hubaki ndani ya mikato na sehemu za chini, na sehemu za juu hurudi kuwa nyepesi.

Kingo na mshono

Kata pembe za ukingo pande zote mbili, ulainishe kwa msasa, ulowanishe kwa maji kidogo au kwa sabuni ya mche iliyolainishwa, kisha usugue kwa kijiti chenye mfereji au kwa kipande cha turubai hadi upate joto na kuanza kung'aa. Ukingo wa ngozi ya magome hujifunga ukawa kama mti. Wa kromu haujifungi, huo hupakwa rangi.

Mshono wa mkono hufanywa kwa uzi mmoja wenye sindano mbili, kila mwisho moja, zikipita katika tundu lilelile kutoka pande mbili, ili uzi ukikatika mahali pamoja mshono mzima usifumuke kama ule wa cherehani. Chora njia kwa bikari milimita 3 kutoka ukingoni, toboa kwa nafasi ya milimita 3 au 4, na ukate uzi wenye urefu mara nne ya mshono. Tumia uzi wa poliesta uliopakwa nta. Wa pamba huoza upesi katika hewa hii. Malizia kwa kurudi nyuma tundu mbili au tatu na kuyeyusha ncha kwa moto wa kibiriti. Bizimu na pete ziwe za shaba, si za chuma kilichopakwa rangi.

Mafuta, nta na kuvu

Ngozi iliyoloweshwa na kupigwa imepoteza sehemu ya mafuta yake, nayo hurudishiwa tabaka moja jembamba sana, kwa kitambaa, na kuachwa hadi kesho yake kabla ya kuamua kama linatakiwa la pili. Mafuta yanayopendekezwa na mafundi ni ya miguu ya ng'ombe. Ya nazi hufanya kazi, ila huikoleza ngozi rangi, na yakizidi huiacha teketeke na yenye kunata, tayari kwa kuvu. Mimi huyatumia ndani ya nta tu: sehemu moja ya nta ya nyuki kwa sehemu mbili za mafuta, zikiyeyushwa ndani ya kopo lililokalishwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Ikipoa huwa malhamu inayopakwa kwa kidole, kuachwa saa moja na kung'arishwa kwa brashi. Hiyo huzuia matone ya mvua. Haiifanyi ngozi kuwa ya kuogelea.

Usihifadhi kazi iliyokamilika, wala ngozi ambayo hujaikata, ndani ya plastiki au kwenye kabati lililogusana na ukuta wa chokaa. Ifunge kwa kitambaa cha pamba, itundike au iviringishe uso ukiwa nje, na wakati wa masika na vuli uitoe mara moja kwa juma ipate upepo. Kuvu ikionekana, ipeleke nje, ifute kwa kitambaa kikavu na ukitupe kitambaa hicho, kisha upanguse kwa siki iliyochanganywa na maji kiasi sawa, uikaushe kivulini, na uipake tena nta kidogo. Jaribu siki hiyo kwanza mahali pasipoonekana, na usiitumie kwenye kipande chenye bizimu ya chuma iliyoshika kutu, maana doa jeusi litaanza palepale.